Mposaji Asiye na Mbai

Kitabu kimoja kilichochakaa, chenye jalada lililopauka na kurasa za mwisho zilizonyofoka, kilifika Tulia huku Kitui ndani ya furushi la mitumba, kikanunuliwa na msichana wa sekondari kwa bei ya chapati mbili. Kilikuwa juzuu ya tatu ya riwaya za Stephenie Meyer wa Marekani, mfululizo wa juzuu 4 uliotoka baina ya 2005 na 2008, usimuliao habari za binti Bella aliyetekwa na mahaba ya Edward, kijana mwenye jamali ambaye kwa hakika ni mnyonyadamu, ilhali Jacob, ageukaye mbwa-mwitu, anamtaka vilevile.

Jioni ile, nikiwa mgeni wao, nilimsikia msichana yule akimhadithia bibi yake kisa hicho huku wakipepeta ndengu. Nilidhani mzee atashtuka. Kumbe ungo haukusita mkononi mwake.

Na kwa nini ashtuke, ikiwa masimulizi ya Ukambani na ya jirani zao Wakikuyu yanamjua tangu kale yule mgeni mzuri atokeaye ngomani, akawapendeza wasichana wote, hata mmoja wao akamfuata mwituni, na huko, nywele zikipeperuka, akauona mdomo wa pili kisogoni? Huyo ni zimwi, eimu kwa Kikamba. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, alizikusanya hadithi za namna hii, akazitenga katika sehemu mahsusi ya mkusanyo wake, iliyochapishwa 1935. Baadaye John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akatoa mkusanyo wake mwenyewe wa hadithi za Akamba mwaka 1966.

Lakini ya ajabu zaidi haimo katika hadithi, imo katika itikadi. C. W. Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika mwaka 1910 kwamba kwa Akamba kila mke aliaminiwa kuwa na waume wawili, mmoja hai na mwingine imu, yaani roho ya mhenga aliyetangulia. Na ikipita miezi kadhaa bila mimba, ilisemwa kuwa yule mume wa ghaibu amemsahau mkewe, basi akatengenezewa pombe na kuchinjiwa mbuzi ili moyo wake urejee.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Edward wa Meyer humtoa binti kwa watu wake, hata katika juzuu ya nne Bella mwenyewe anakuwa mnyonyadamu. Imu, kwa upande wake, hakumpeleka mke popote, kwani kazi yake ilikuwa kuleta mtoto katika nyumba ile ile na kuudumisha ukoo, mbai kwa Kikamba. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alimpa jini Huria hisani na uwezo mkubwa wa kumsaidia Adili, walakini siku ya harusi ilipowadia bibi arusi alikuwa Mwelekevu, binadamu. Waandishi wetu na wazee wetu hawakukataa kwamba ghaibu inaweza kupenda. Walichokihoji ni kama apendaye ana kwao.

Usiku ulipoingia, msichana alilalamika kwamba kurasa zimekatika, wala hajui Bella ataolewa na nani.

“Susu, wewe ungemchagulia yupi?”

Bibi akauweka ungo chini, akapangusa vumbi la ndengu mapajani, akafikiri kwa utulivu, kama mzazi aliyeletewa wajumbe wa posa.

“Huyo wa mbwa-mwitu,” akauliza, “ana wazazi?”

“Ana baba, na jamaa zake wote wako pale kijijini.”

“Na huyu mzuri, ni wa mbai gani?”

Msichana akakifungua kitabu, akaanza kutafuta.