Kileo Nje, Mkeka Ndani

Mlango wa kibanda changu ni wa bati, na juu yake nimeandika kwa rangi ya mafuta: KILEO NJE. Watu wa hapa Ndundu wameshauzoea ujumbe huo, hawausomi tena. Wanaousoma ni wapita njia. Basi la Kilwa au la Lindi likiharibika karibu na Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji siku ya mechi, abiria hushuka kutafuta pa kuangalia mpira, na hakosekani mmoja mwenye chupa mkononi. "Kaka, mpira bila bia?" huniuliza. Namwambia bia ipo, avuke barabara kwa jirani yangu, na televisheni pia iko kule ukutani. Kwangu ataingia na soda.

Wengi hudhani ni dini tu. Dini imo, maana Rufiji na Kibiti wakazi wengi ni Waislamu na mimi ni mmoja wao. Lakini nisijifanye walii, mimi ni mwenye kibanda umiza: benchi za mbao, skrini moja, king'amuzi, spika mbili na jenereta la akiba. Kiingilio shilingi 500, siku ya Simba na Yanga 1,000. Mlevi mmoja anakalia nafasi ya watu wawili. Kila baada ya dakika chache anatoka kujisaidia, anakanyaga watu miguu, na akirudi anataka asimuliwe bao lilivyofungwa. Watu waliolipa hawaoni mpira. Halafu kuna wanafunzi wanaokuja mechi za mchana. Mama zao huwaachia kwa sababu wanajua humu hapanywewi. Siku nikiruhusu chupa moja tu, nusu ya mabenchi itabaki tupu, na hesabu hiyo haihitaji shehe.

Hii si kusema kwamba huku hatunywi. Pwani ya minazi isiyo na tembo iko wapi? Wagema wetu hupanda na kotama kiunoni, hukata karara, hutungika chombo na kuliacha tembo lidondoke. Linapotoka juu ni tamu, hata mtoto angelipenda. Lakini chachu huanza kazi papo hapo: la asubuhi likifika mchana limeshakuwa kileo, na likilala linaelekea kuwa siki. Sasa tazama ratiba ya mechi za mchangani, ambazo huanza saa kumi jioni jua likipungua. Tembo lililoshuka asubuhi limeiva saa hiyo hiyo refa anapopuliza filimbi ya kwanza. Hakuna aliyepanga, lakini mchezo na kinywaji vimekutana hivyo tangu kwa babu zetu. Uwanja wetu uko bondeni. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliufunika kama yalivyofunika mashamba, na maji yalipopungua watu walirudi kupanga magoli, na wauza tembo nao wakarudi chini ya mwembe wao. Msimu wa korosho, mabibo yakizagaa, huongezeka uraka unaotokana nayo. Gongo ipo pia, ila hiyo hainywewi hadharani. Ni haramu kwa sheria ya nchi, na mnywaji wake humtambui kwa harufu tu, bali kwa jinsi anavyogeuka kila pikipiki ikipita.

Bia ya chupa ilikuja na foleni. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003, mto ulivukwa kwa pantoni. Mto ukijaa au injini ikigoma, malori na mabasi yalilala barabarani, na palipolala gari palizaliwa mama lishe, kitanda cha kupanga na kreti ya bia. Mwaka 1993 nilikuwa mtoto wa kuuza mayai ya kuchemsha katika foleni hiyo. Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan ya Ivory Coast. Kule Abidjan walitoka 0-0, na mechi ya marudiano ilikuwa Dar es Salaam. Madereva walikusanyika kwenye lori lenye redio kubwa, Radio Tanzania ikitangaza, kreti zimeshushwa tayari kwa sherehe. Simba ikafungwa 2-0. Bia zilizonunuliwa kwa harusi zikanywewa kwenye msiba, na nyingi zaidi zikaagizwa. Hata watu wa Yanga, ambao kwa utani walipaswa kucheka, walikuwa wakiwapa pole watani wao na kunywa nao. Mayai yangu yote yaliisha. Halikurushwa hata jiwe moja.

Nalitaja hilo kwa sababu ukisoma ya wenzetu utadhani kileo na mpira vikikutana lazima damu imwagike. Uskochi, Mei 1980, mashabiki wa Celtic na Rangers walivamia uwanja wa Hampden baada ya fainali ya kombe na kupigana mpaka polisi wa farasi wakaingia. Mwaka huo huo sheria ikapiga marufuku pombe viwanjani. Uingereza ikafuata mwaka 1985: mpaka leo shabiki wa ligi zao kubwa anaweza kununua bia ndani ya uwanja, lakini haruhusiwi kuinywa mahali anapouona mchezo. Ndiyo maana kwenye skrini yangu wakati wa mapumziko majukwaa huonekana kama yamehamwa. Watu wameenda kumaliza glasi zao kule nyuma. Na cha kuchekesha ni kwamba sheria hiyo inawabana wa mpira wa miguu tu. Wa kriketi na wa raga hunywa wakitazama mchezo wao bila bughudha. Kwa hiyo hofu yao haikuwa bia peke yake, ilikuwa bia mkononi mwa watu wa aina fulani.

Qatar waliifanya kwa namna yao. Kombe la Dunia la 2022 lilipobaki siku mbili kuanza, ikatangazwa kwamba bia yenye kileo haitauzwa kwa mashabiki wa kawaida katika viwanja vyote vinane. Budweiser, mdhamini aliyeripotiwa kulipa takriban dola milioni 75, akabaki na bia isiyo na kileo ya kuuza. Wazungu walilalamika sana. Humu kibandani tulicheka, maana Qatar walikuwa wameandika bango langu. Mashindano hayo yaliendelea vizuri tu, Morocco ikafika nusu fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, na usiku ule walipocheza na Ufaransa niliwasimamisha watu mpaka nje ya mlango.

Turudi nyumbani. Huku kwetu kileo hakikupitia jukwaani, kilipitia kifuani. Kwa miaka kadhaa, hadi katikati ya muongo wa 2010, Simba na Yanga, mahasimu wasiokubaliana hata rangi ya soksi, walivaa jezi zenye jina moja: Kilimanjaro Premium Lager ya Kampuni ya Bia Tanzania. Taifa Stars nao walidhaminiwa na bia hiyo hiyo kuanzia mwaka 2012, na kuanzia 2017 na Serengeti Premium Lager. Majirani zetu ni hivyo hivyo: Kenya ina klabu nzima inayoitwa Tusker, na Burundi ligi kuu iliwahi kubeba jina la Primus. Tusiwalaumu viongozi wa mpira haraka. Timu inahitaji nauli, kambi, mishahara, na kiwanda cha bia kilikuwa na fedha wakati wengine wakitoa maneno.

Lakini huku Rufiji jambo hilo lilileta kichekesho. Mtu asiyewahi kuonja pombe maisha yake yote alivaa jina la bia kifuani kwenda shamba, sokoni, hata msikitini. Nilimwona mzee mmoja akimzuia kijana mlangoni pa msikiti na kumwambia aigeuze jezi nje ndani. Kijana akageuza, akaswali, akatoka, akaigeuza tena. Ulaya nao walikutana na hilo. Mwaka 2012 Yaya Touré wa Manchester City aliikataa chupa ya shampeni aliyopewa kama mchezaji bora wa mechi kwa sababu ya imani yake, na baadaye Ligi Kuu ya Uingereza ikaacha kutoa chupa ikatoa kikombe.

Ujanja mkubwa zaidi ulikuwa kampeni ya Nani Mtani Jembe. Ukinunua bia ya Kilimanjaro, chini ya kizibo kuna namba. Unaituma kwa simu na timu yako inajiongezea fedha kutoka fungu la mtani. Desemba 2013 Simba na Yanga wakakutana uwanjani, Simba ikashinda 3-1, na Desemba 2014 ikashinda tena, 2-0. Hebu fikiria kilichofanyika hapo. Kunywa kulikuwa kumegeuzwa kuwa kuichangia timu. Jirani yangu wa baa ng'ambo ya barabara alishuhudia wanaume wakiagiza bia wasiyoitaka ili tu kizibo kisiende kwa mtani. Wasiokunywa waliokota vizibo chini ya meza. Mimi niliuza soda na nikahisi kama msaliti wa Simba.

Mwaka 2017 ndio uliobadilisha mambo huku. Tarehe 1 Machi serikali ilipiga marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali. Kwa mwenye kibanda hiyo ilikuwa nafuu. Chupa naiona mlangoni, kiroba kilipita kwenye soksi. Wakati huo huo Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikuwa katika kipindi kigumu cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari, na bodaboda zikazuiwa kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mechi za Ulaya za saa nne kasoro usiku zilinifia kabisa. Baa nayo ilifunga mapema. Watu walikaa majumbani, mpira wakauuliza asubuhi.

Na Mei ya mwaka huo huo jezi za Simba na Yanga zikabadilika. Bia ikatoka kifuani, ikaingia SportPesa, kampuni ya kubashiri matokeo. Mwaka 2022 Simba wakahamia M-Bet, kampuni ya kazi hiyo hiyo. Nakumbuka wazee wa hapa walivyofurahi: alhamdulillahi, sasa vijana wanaweza kuvaa jezi bila aibu. Mzee wa msikitini hakumgeuza tena mtu nguo.

Hapo ndipo nina ugomvi. Pombe na kamari zimetajwa pamoja katika aya moja ya Qur'ani, ya 90 ya Suratul Maida. Asiye Mwislamu naye hahitaji aya, anahitaji tu kukaa kibandani kwangu Jumamosi. Zamani kelele zilikuwa za timu mbili. Sasa mtu anashangilia kona ya timu asiyoweza kutaja mchezaji wake hata mmoja, kwa sababu mkeka wake, yaani orodha ya ubashiri wake, unataka kona tisa. Dakika ya 90 bao linaingia, mkeka unachanika, na kiti kinaruka. Ngumi nilizoamua humu, nyingi hazikuwa za walevi wala za Simba na Yanga. Zilikuwa za fedha: nani alimshauri nani aweke timu gani, nani alikopa kwa nani. Walikuwa wazima kabisa, hawajaonja hata uraka.

Sisemi pombe haina madhara. Huku hatari ya mlevi wa mpira ni njia ya kurudi. Wapo wanaovuka kwa mtumbwi kwenda mashambani, na mto huu una mamba na viboko ambao hawajali umefungwa au umefunga. Wapo wanaopanda bodaboda kwenye barabara ya Kilwa giza likiwa limeingia, malori ya mizigo yakipita kasi. Pombe hupunguza wepesi wa macho na mikono huku ikimwongezea mtu ujasiri, na vitu hivyo viwili havitakiwi vikutane juu ya maji wala juu ya pikipiki. Siku za dabi jirani yangu wa baa na mimi tuna makubaliano: aliyezidiwa analala kwenye mabenchi yangu bure, baada ya watazamaji kutoka. Bango linasema kileo nje, halisemi mlevi nje.

Lakini mlevi anaonekana. Anayumba, ananuka, mke wake anamjua kabla hajafika. Jamii nzima imejifunza kumkamata: mzee msikitini, mimi mlangoni, sheria kwa pombe haramu, serikali kwa viroba. Mwenye mkeka haonekani. Anaingia kwangu na soda, ananisalimia kwa adabu, na fedha za mbegu zimo ndani ya simu. Sheria inasema asiye na miaka 18 asibashiri, kama isemavyo asiuziwe pombe, lakini laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kaka inatosha. Nimejaribu kuandika bango la pili, nikakwama, kwa kuwa siwezi kumpekua mtu simu mlangoni kama ninavyompekua soksi.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Watazungumza sana kuhusu bia viwanjani, iuzwe au isiuzwe, na mimi nitaliacha bango langu lilivyo. Ombi langu ni kwa mzazi. Ukimnusa mwanao mdomo anaporudi kutoka mpirani, mwombe na simu, uangalie salio lilikokwenda.