Mpita Njia na Mtoto Aliyeachwa Garini: Wajibu, Hofu na Kauli

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mkono mmoja haulei mwana. Wahenga hao hao waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Katika madarasa yetu ya fasihi simulizi, methali hizi mbili hutolewa kama mfano wa methali zinazokinzana, kisha somo likaendelea. Nje ya darasa, ukinzani huo humkuta mtu akiwa amesimama kando ya barabara na hana muda wa kuchambua.

Jumamosi moja adhuhuri, katika kituo cha biashara cha Yamumbi, viungani mwa mji wa Eldoret, mwandishi wa makala haya alipita karibu na gari dogo lililoegeshwa juani mbele ya maduka. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa. Ndani mlikuwa na mtoto ambaye hakuonekana kutimiza miaka mitatu, amefungwa mkanda, analia. Watu sita au saba walikuwa wamesimama wakitazama. Hakuna aliyegusa mlango. Mmoja wao alisema kwa sauti ya chini, "Ukishika hiyo gari utaitwa mwizi." Baada ya muda mama wa mtoto alitokea, akafungua mlango na kuondoka upesi bila kusema neno. Mtoto hakudhurika. Hata hivyo, sisi tuliokuwa pale, mwandishi akiwemo, hatukuwa tumefanya lolote la kumkinga.

Makala haya yananuia kueleza mambo matatu: hatari inayomkabili mtoto wa namna hiyo, sababu za wapita njia kusita, na namna wanavyoweza kuingilia kati. Hoja kuu ni kuwa kinachomtenga mwokozi na mwizi machoni pa umma ni nia, na kwamba nia haionekani mpaka itamkwe. Kwa hivyo kauli ni sehemu ya uokozi wenyewe.

Hatari Iliyomo Garini

Wakazi wengi wa Eldoret hudhani kuwa hatari ya joto garini ni jambo la Mombasa au Lodwar. Mji wetu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya baridi kiasi. Dhana hiyo si sahihi. Utafiti wa McLaren, Null na Quinn, uliochapishwa Marekani mwaka 2005, ulipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 za Selisiasi. Ilibainika kuwa joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika muda wa dakika 60, na kwamba asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika dakika 30 za kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia sana.

Tukichukua siku ya kawaida ya jua Yamumbi, yenye nyuzi 24 nje, gari lililofungwa laweza kufikia nyuzi 40 na zaidi katika nusu saa. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano kwa kasi zaidi kuliko wa mtu mzima, na hali ya joto la mwili ikipita nyuzi 40, maisha yamo hatarini. Yaani, mzazi anayesema "naingia dukani mara moja" huenda akakuta foleni, akakutana na jirani, na nusu saa ikapita bila yeye kutambua.

Nchini Marekani, ambako takwimu za vifo hivi zimekusanywa tangu mwaka 1998, hufa kwa wastani watoto zaidi ya 35 kila mwaka. Katika mwaka 2018 na 2019, idadi ilizidi 50 kila mwaka. La kuzingatia ni kuwa takriban nusu ya watoto hao walisahauliwa na walezi waliowapenda. Jambo hili lina uzito tutakapofikia suala la namna ya kumsemesha mzazi.

Kwa Nini Tunasita

Sababu ya kwanza ya kusita ni hofu ya umati. Katika miji yetu, neno "mwizi" likishapazwa, ushahidi hautafutwi tena. Mtu asiyejulikana anayefungua mlango wa gari la mwingine na kumtoa mtoto huonekana, kwa umbo la tendo lake, kama mwizi wa watoto. Hofu ya wizi huo si ya kubuni: mwaka 2020 idhaa ya BBC ilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu biashara ya watoto walioibwa jijini Nairobi.

Sababu ya pili ni ya mahali hapa. Yamumbi ilikuwa miongoni mwa sehemu za Eldoret zilizotajwa katika mashtaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kesi hiyo ilitamatishwa Aprili 2016. Jamii iliyoshuhudia majirani wakigeukiana haikosi kumpima mgeni kabla ya kumwamini, na mgeni naye hupima iwapo nia yake itaeleweka.

Sababu ya tatu ni ya kawaida popote penye watu wengi: kila mmoja hudhani kuwa mwenzake atatenda. Siku ile sote tulikuwa mashahidi, na kwa kuwa tulikuwa wengi, hakuna aliyejihisi kuwa ndiye mhusika.

Sheria Yasemaje

Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kutelekezwa na kudhulumiwa. Inasema pia kuwa maslahi bora ya mtoto ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inafanya utelekezaji kuwa kosa.

Kuhusu mpita njia, Kanuni ya Adhabu huadhibu wizi wa mtoto na uharibifu wa mali, lakini makosa yote mawili huambatana na nia: nia ya kumnyang'anya mzazi mtoto wake, au kuharibu kwa makusudi na kinyume cha sheria. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, kuanzia Tennessee mwaka 2014, zimepitishwa sheria zinazomkinga anayevunja kioo kumwokoa mtoto, mradi awe amehakikisha mlango umefungwa, amewaarifu polisi, ametumia nguvu ya kiasi tu, na amebaki na mtoto. Masharti hayo ni mwongozo mwema hata kwetu, kwa sababu kila moja linaidhihirisha nia.

Hatua na Kauli

Kwanza, simama karibu na gari na useme kwa sauti: "Kuna mtoto analia humu ndani! Mwenye gari ni nani?" Tamko hili hubadilisha hali nzima. Aliyenyamaza akichungulia kioo hushukiwa, ilhali aliyepaza sauti amewafanya waliopo kuwa washiriki wake.

Pili, mpe kila mtu jukumu, ukimwonyesha kwa mkono: "Wewe kaka wa boda, uliza katika yale maduka. Mama, tafadhali baki nami hapa." Mwenye duka anayefahamika, mzee wa Nyumba Kumi au chifu ni shahidi bora kuliko mgeni, kwa sababu mtaa unamwamini.

Tatu, mtazame mtoto. Akiwa macho na analia kwa nguvu, upo muda mfupi wa kumtafuta mzazi. Piga simu kwa polisi kwa 999 au 112. Nambari 116, isiyolipiwa, hupokea ripoti za watoto walio hatarini saa zote.

Nne, mtoto akilegea, akiacha kulia au asipoitikia, usingoje. Jaribu milango yote. Ikiwa imefungwa, vunja kioo kilicho mbali naye, mbele ya mashahidi. Mpeleke kivulini, mpunguzie nguo, mpanguse kwa maji na umpepee. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu, bali apelekwe hospitalini mara moja.

Hatua ya mwisho ni ya lugha, nayo ndiyo hupuuzwa zaidi. Mzazi atakaporejea, atakuta umati umezunguka gari lake. Wataalamu wa isimujamii, wakiwemo Brown na Levinson (1987), wameeleza namna kauli inavyoweza kutishia au kuhifadhi hadhi ya msikilizaji. Kauli kama "Wewe ni mama wa aina gani?" humfanya ajitetee au akimbie, na somo likapotea. Afadhali kusema: "Mama, mtoto alikuwa analia, ndiyo tukasimama naye. Jua ni kali sana." Kauli hii haifichi kosa, lakini inamweka mtoto mbele na inamwacha mzazi na nafasi ya kushukuru. Ikidhihirika kuwa utelekezaji ni wa mara kwa mara, hapo ripoti itolewe kwa wahusika.

Hitimisho

Methali mbili tulizoanza nazo hazilingani uzito katika hali hii. Pilipili usiyoila ni mambo ya watu wazima, ambao wanaweza kujisemea. Mtoto wa miaka miwili aliyefungwa garini hawezi kujisemea, na mkono wa mzazi wake haupo. Unaohitajika ni mkono wa pili. Sisi tunaosomea Kiswahili tunajua thamani ya neno lisemwalo kwa wakati wake. Siku ile Yamumbi tulikuwa na lugha ya kutosha, lakini hatukuitumia. Ni vyema anayesoma makala haya asinyamaze kama sisi.