Bolti ya flaiwili hushika kwa kuvutika

Gari linaingia gereji likigonga. Mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, mlio mzito wa ko-ko-ko unasikika chini ya injini. Dereva akikanyaga klachi, mlio unabadilika au unapotea kidogo, kisha unarudi. Fundi mwenye haraka anatoa hukumu hapohapo: beringi za krenki zimekwisha. Injini inashushwa, sampu ya oili inafunguliwa, na beringi zinakutwa nzima. Mwenye gari ameshalipa kazi isiyokuwa yake, na ugonjwa wenyewe uko nyuma ya injini, mahali ambapo flaiwili imefungwa kwenye krenkishafti kwa bolti 6 au 8, nyingi zikiwa nene kama kidole cha mwisho. Zimelegea.

Kulegea huko ni kosa la ufungaji mara nyingi zaidi kuliko kuchakaa, na chanzo chake ni dhana moja inayotawala kwenye gereji zetu, kwamba bolti ni msumari mnene. Kwa dhana hiyo, bolti yoyote inayoingia kwenye tundu inafaa, na ikikazwa mpaka fundi agune, kazi imekwisha. Bolti haifanyi kazi hivyo.

Tuanze na mzigo wenyewe. Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mafuta hulipuka ndani yake mara 100 kila sekunde, na kila mlipuko huisukuma krenki kwa kishindo. Flaiwili, chuma cha kilo 7 hadi 10 hivi kwa magari mengi madogo ya gia za kawaida, ipo ili kumeza vishindo hivyo na kuutoa mzunguko ukiwa laini. Ikiwa na kipenyo cha sentimita 28, ukingo wake kwa mzunguko huo unakimbia karibu kilomita 160 kwa saa. Dereva akikanyaga mafuta hadi mizunguko 6,000, mwendo huo unakuwa mara mbili. Na kila anapoachia klachi ghafla kwenye mlima, flaiwili inataka kwenda kwake na krenki inataka kwenda kwake. Zinazozizuia zisiachane ni zile bolti.

Zinazuia kwa njia gani? Wengi wanadhani shina la bolti ndilo linalobeba mzigo, yaani flaiwili inalisukuma kwa ubavu nalo linakataa kukatika. Ikifikia hapo, mambo yameshaharibika. Bolti iliyofungwa sawasawa inavutika kwa urefu, kidogo sana, kama mpira wa manati uliovutwa, na kwa kutaka kurudi kwenye urefu wake inaibana flaiwili kwenye uso wa krenki. Mbano huo unazaa msuguano kati ya vyuma viwili, na msuguano ndio unaohamisha nguvu ya injini. Ubavu wa bolti haupaswi kuguswa na mzigo hata kidogo.

Tuchukue bolti ya milimita 10, daraja 10.9, yenye hesi za hatua ya milimita 1.25. Ikikazwa kwa Nm 80 ikiwa kavu, inabana kwa nguvu ya takriban tani 4. Bolti 6 zinafika tani 24. Msuguano wa chuma kwa chuma, ukiupima pale bolti zilipopangwa, unaweza kuhimili mzunguko wa zaidi ya Nm 1,200, wakati injini ya sisi 1,500 inatoa kama Nm 140 tu. Mtu anaweza kuona ziada hiyo ni nyingi mno. Lakini vishindo vya silinda na mpigo wa klachi huzidisha namba ya injini mara kadhaa, na mbano ukishuka hadi robo, ziada yote imekwenda. Hapo flaiwili inaanza kutelezateleza kwa kiasi ambacho jicho halioni, na unga mwekundu wa kutu unajitengeneza kuzunguka matundu. Fundi anayefungua klachi na kuukuta unga huo ameshapewa jibu.

Mwaka 1969, mhandisi wa Ujerumani Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba kinachofungua bolti haraka kuliko vyote ni mtikisiko wa kwenda pembeni, ule unaofanya vipande vilivyobanwa viteleze. Kipande kisipoteleza, bolti haifunguki. Mbano ukipungua, kipande kinateleza, na kila mtelezo unaigeuza bolti kidogo kinyume. Kwa hiyo washa ya springi, ambayo bado watu wanaihesabu kuwa kinga, haisaidii kitu kwenye flaiwili. Itoe. Kama kitabu cha gari hakikuitaja, haina mahali pale.

Sasa dukani. Iwe Gerezani ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi, geuza bolti utazame kichwa. Bolti za milimita zilizotengenezwa kwa kanuni za kimataifa zina alama ya mtengenezaji na namba ya daraja, kwa mfano 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 ni nguvu ambayo chuma kinahimili kabla ya kukatika, kwa megapaskali. Ya pili inasema ni sehemu gani ya nguvu hiyo inayofikiwa kabla chuma hakijanyooka moja kwa moja bila kurudi. Bolti ya 10.9 inahimili 1,000, na inabaki na uwezo wa kurudi mpaka 900. Ile isiyo na alama yoyote kichwani, hata iwe inang'aa vipi, iache mezani kwa muuzaji. Na usikimbilie 12.9 kwa kudhani kubwa ni bora: mtengenezaji alichagua daraja, kipenyo na kiwango cha kukaza kwa pamoja, na ukibadilisha kimoja umevuruga vyote.

Urefu ndio unaowaponza watu zaidi, hasa katika kazi ambayo kwetu imezoeleka sana: injini iliyotoka Japani ikiwa na gia boksi ya otomatiki inabadilishwa iwe ya gia za kawaida. Otomatiki haina flaiwili nzito. Ina bamba jembamba la chuma, na bolti zake aghalabu ni fupi. Fundi akizirudisha bolti hizohizo kwenye flaiwili nene, zinashika hesi chache tu kwenye krenki. Zinakaza vizuri mkononi, gari linatoka gereji, na siku moja hesi zinang'oka. Bolti ya chuma ndani ya chuma ishike kwa kina kisichopungua kipenyo chake. Ya milimita 10 iingie milimita 10 au zaidi. Ndefu mno nayo ni hatari. Kwenye tundu lililozibwa inagota chini kabla kichwa hakijabana, spana inasema imekaza, kumbe flaiwili haijashikwa. Kwenye tundu la kupenya, ncha inaweza kutokeza upande wa pili na kugusa kisichotakiwa kuguswa.

Kuhusu kurudisha bolti za zamani, msimamo wangu ni mmoja: nunua mpya. Injini nyingi za sasa hukazwa kwa hatua mbili, kiwango cha kwanza kwa spana ya toki, kisha kugeuza kwa nyuzi. Baadhi ya Volkswagen, kwa mfano, ni Nm 60 kisha nyuzi 90. Bolti nyingi za namna hiyo huvutwa mpaka ukingoni mwa uwezo wa chuma, na baadhi hubaki zimerefuka. Ukiivuta tena mara ya pili, hujui imebakiza nini. Bei ya bolti 6 ni ndogo kuliko gharama ya kushusha gia boksi mara moja zaidi.

Kabla ya kufunga, safisha. Uso wa krenki na mgongo wa flaiwili vifutwe mpaka visiwe na oili, rangi wala kutu, kwa sababu msuguano ndio kazi yenyewe. Hesi za matundu zisafishwe pia, na hapa kuna jambo ambalo mafundi wazoefu hulidharau. Nguvu unayoweka kwenye spana haiendi yote kuvuta bolti. Takriban asilimia 90 inaliwa na msuguano wa hesi na wa chini ya kichwa. Ukipaka oili bolti ambayo kitabu kinataka iwe kavu, msuguano unashuka na nguvu iliyobaki inakwenda kwenye kuvuta. Ile bolti yetu ya tani 4, kwa Nm 80 zilezile, inaweza kufika tani 5.4, na ukomo wake ni kama 5.6. Hesi zenye kutu hufanya kinyume: spana inalia, mbano haupo.

Kwenye injini nyingi matundu ya krenki yanapenya mpaka ndani kwenye oili. Ndiyo maana bolti mpya mara nyingi huja na gundi ya rangi kwenye hesi, inayozuia kulegea na kuvuja kwa pamoja. Isipokuwepo, paka gundi ya hesi kama kitabu kinavyotaka, la sivyo oili itafuata hesi, itafika kwenye pleti ya klachi, na wewe utabadilisha sili ya nyuma ya krenki isiyo na kosa. Anza zote kwa mkono, kaza kwa kuruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa hatua, huku flaiwili imezuiwa kwa kifaa kinachoshika meno yake. Bisibisi iliyochomekwa kwenye meno hupasua jino, na stata ndiyo italipa. Kila bolti iliyokwisha kugeuzwa ipigwe alama ya rangi.

Mwili wa fundi nao uhesabiwe. Gia boksi haishushwi kwa kifua. Jeki na stendi ziwepo kabla ya bolti ya kwanza kufunguliwa. Vumbi la klachi lisipulizwe kwa kompresa, kwani pleti za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani; lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Petroli, ambayo vijana wengi hunawia mikono, ina benzini, nayo inaingia mwilini kwa ngozi na kwa pumzi. Tumia sabuni.

Na flaiwili iliyokwisha kugonga kwa wiki kadhaa, usiifunge tena kabla hujapima matundu. Yakiwa yamerefuka kama yai, bolti mpya na spana nzuri havitayarudisha. Flaiwili hiyo ni chuma chakavu. Uso wa krenki ukiwa umeliwa pia, kazi imehamia kwa fundi wa mashine, na gari litasubiri.