Mpira wa Wanachuo katika Mchanga wa Shela

Mji wa Shela, ulioko katika kisiwa cha Lamu, umesifika kwa mambo mengi. Umesifika kwa vita vilivyopiganwa pwani yake mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu walipowashinda watu wa Pate na Mombasa. Umesifika kwa Msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, na kwa vilima vyake vya mchanga vinavyohifadhi maji matamu chini yake. Lakini mtu akiwauliza vijana ni kitu gani wakipendacho hapo, wengi watamwonyesha pwani, kwa kuwa ndiyo kiwanja chao cha mpira wa miguu.

Kiwanja hicho hakina nyasi wala ukuta, na mwenye ufunguo wake ni bahari. Maji yakijaa, kiwanja hakipo. Yakipwa, hubaki mchanga mgumu uliosawazika. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana asubuhi, mnamo saa nne au saa tano, kisha hujaa tena alasiri. Kwa hiyo mchezo wa Jumamosi ya bamvua hauna budi kuchezwa asubuhi, na ule wa Jumapili huweza kuchelewa kiasi cha dakika 50, maana bahari nayo huchelewa kiasi hicho kila siku.

Wakati wa likizo vijana wanaosoma katika vyuo vya Mombasa, Kilifi na Nairobi hurudi kwao. Hapo ndipo mtu awezapo kuona wanachuo upande mmoja, na upande wa pili vijana waliobaki mjini: wavuvi, waashi, mafundi wa majahazi na wenye mashua. Mgeni atadhani kuwa huo ni mchezo wa kujifurahisha tu. Sivyo. Kwa mshabiki wa Shela mna jambo kubwa zaidi ndani yake.

Na achukuliwe kwa mfano mzee mmoja, nahodha aliyekwisha kuacha safari za baharini, ambaye hakosi kuja pwani na mkeka wake. Mzee huyu ana wajukuu wawili. Mkubwa ni mvuvi, na ndiye mlinda mlango wa timu ya waliobaki. Mdogo yuko chuoni Mombasa, naye ni mshambulizi wa wanachuo. Baba yao alipofariki hapakuwa na fedha za kuwasomesha wote wawili. Mkubwa akaacha masomo, akashika mshipi na wavu, na karo ya mdogo ikatoka baharini. Basi wenzake wakimwuliza mzee huyo anashabikia upande gani, yeye hutazama maji na kusema kwamba bado hayajapwa vizuri.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, firimbi ikalia. Wanachuo walikuwa na jezi za rangi moja na viatu. Waliobaki walicheza miguu mitupu. Wanachuo walipeana pasi fupi fupi kama walivyofundishwa, lakini mchanga wa pwani hauendi kwa mafundisho ya kiwanja cha nyasi. Viatu vilizama, na mpira ulisimama pale walipodhani utateleza. Walipokuwa wamefungwa magoli mawili kwa moja, refa akawapa penalti. Mjukuu mdogo akaupiga mpira kwa nguvu, na kaka yake akauruka na kuudaka. Muda si mrefu waliobaki wakaongeza goli la tatu, na mchezo ukaisha.

Kaka akaja kumpa mkono mdogo wake. Mdogo hakuupokea. Aligeuka akawaambia wenzake kwa sauti iliyosikika mpaka mkekani, "Hawa hawajui mpira, wanacheza kama wavuvi." Mzee alikunja mkeka wake asiseme neno.

Yafaa kukumbuka kwamba ushindani wa namna hii si wa Shela peke yake. Mchezo wa mpira wa miguu ulikuzwa na watu wa shule. Mwaka 1848 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza waliandika kanuni ili waliotoka shule mbalimbali waweze kucheza pamoja, na mwaka 1863 chama cha mpira cha Uingereza kikaundwa. Kwa miaka kadhaa kombe la chama hicho lilichukuliwa na timu za mabwana wenye elimu na mali. Lakini tarehe 31 Machi 1883, timu ya Blackburn Olympic, ambayo miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo wafuma nguo na mafundi wa viwandani, iliwashinda Old Etonians, waliosoma katika shule mashuhuri ya Eton, kwa magoli mawili kwa moja. Tangu hapo hakuna timu ya namna ya Old Etonians iliyolichukua tena kombe hilo. Walioutunga mchezo walikuwa wamefundishwa kuucheza na watu wa kazi za mikono.

Katika Afrika ya Mashariki pia mpira uliingia kwa mlango wa shule. Chuo cha Kiungani huko Unguja, kilichokuwa cha wamisionari, kilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ambapo vijana wa pwani waliucheza, kabla karne ya 19 haijaisha. Lakini haukukaa ndani ya ua wa chuo. Ulitoka ukaenda bandarini, sokoni na ufukweni, na huko ukapata wenyewe wapya. Kwa hiyo anayesema kwamba mvuvi hajui mpira, huyo hajui habari za mpira wenyewe.

Usiku ule, baada ya sala ya isha, mzee akamwita mjukuu wake mdogo barazani. Hakumgombeza. Alimwuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, viatu ulivyovaa leo vimenunuliwa kwa samaki wa nani?" Kijana akainamisha kichwa. "Wa kaka, Babu," akajibu. Mzee akamwambia, "Haya, kalale."

Jumapili watu walikusanyika mapema, lakini mlinda mlango hakuonekana. Alikuwa ametoka na mashua usiku, na upepo ulikuwa haujamrudisha. Waliobaki wakataka kuweka mtu mwingine langoni ili maji yasiwawahi. Mjukuu mdogo akakataa. Alisema, "Hatuanzi bila kaka." Wakamngojea mpaka saa sita ilipokaribia, mashua ikaingia, naye akaruka majini akaja mbio na harufu ya samaki mwilini. Ndipo watu walipoona kwamba mdogo wake alikuwa hana viatu miguuni.

Kipindi cha kwanza kilikwisha bila goli, na adhana ya adhuhuri ikawachukua wote msikitini. Waliporudi, maji yalikuwa yameanza kupanda. Kila upande ukapata goli moja. Kisha wimbi likaufikia mstari wa pembeni, likauvuka, na mpira ukaanza kuelea. Refa akapiga firimbi ya mwisho kabla ya wakati. Sare, moja kwa moja. Wale ndugu wawili wakaing'oa miti ya goli, mmoja akashika huku na mwingine kule, wakaipandisha juu ya mchanga.

Alfajiri ya Jumatatu mwanachuo alikwenda kupanda mashua ya kuvuka Mokowe, ambako mabasi ya Mombasa huanzia safari. Alimbusu babu yake mkono, na aliyempeleka kwa mashua ni kaka yake.

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mzee wa Shela angeweza kuongeza kwamba kijana aliyepelekwa chuoni kwa jasho la wenzake hakupelekwa ili arudi kuwadharau. Na siku hiyo, walipomwuliza tena anashabikia upande gani, hakutazama maji. Alisema kwamba likizo ijayo atakuja na mkeka mpana zaidi.