Nuru ifike hadi kwenye kapu la sadaka

Jumapili, katika mtaa wetu wa Kyebando jijini Kampala, hakuna anayehitaji saa ya kumwamsha. Jua halijachomoza vizuri upande wa Ntinda, tayari spika moja inahubiri kutoka Kisalosalo na nyingine inaijibu kutoka Kalerwe, huku waendesha bodaboda wakipatana nauli kwa kupaza sauti. Makanisa mengi hapa ni ya mbao na mabati: viti vya plastiki, pazia linalong'aa nyuma ya mimbari, waya wa umeme uliotundikwa kwenye misumari, na ukutani karatasi yenye namba ya kutumia sadaka kwa simu. Zaburi ya 27 na sura ya nane ya Yohana hazikauki midomoni mwa wahubiri. Yesu ni nuru, Yesu ni wokovu.

Asiyeishi huku asikimbilie kucheka. Mtaa huu unapakana na bonde la mfereji wa Nsooba, na mvua ikikaza maji huingia ndani ya nyumba bila hodi. Uniti za umeme wa Yaka huisha usiku, mtoto akiwa na homa. Hospitali ya Mulago haiko mbali, kwa hiyo katika ibada yoyote hakosekani mtu mwenye mgonjwa wodini. Mama anayeuza matoke Kalerwe akiambiwa gizani mwake kuna taa, hasikilizi fumbo la wanateolojia. Haishangazi basi kwamba sensa ya 2002 iliwahesabu Wapentekoste chini ya asilimia 5 ya Waganda wote, na ile ya 2014 ikawakuta wamepita asilimia 11.

Tatizo langu liko kwenye orodha ya maombi. Visa. Kiwanja. Kazi ya Dubai. Mume. Kesi mahakamani. Wokovu umekuwa kitu cha kupokea, na anayetaka kupokea huambiwa kwanza atoe.

Wokovu haukuhubiriwa hivyo mwanzoni, na barabara moja ya hapa ni shahidi. Barabara ya Northern Bypass, iliyofunguliwa 2009 na kupita hapa Kyebando, ina urefu wa kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega. Karibu na mwanzo wake iko Namugongo, ambako Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Mwisho wake, Busega, ndiko walikouawa wafiadini wa kwanza wa Kikristo wa Buganda tarehe 31 Januari 1885: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusuf Lugalama, ambaye alikuwa bado mtoto. Zama hizo Wakristo waliitwa wasomaji, na mengi ya waliyoyasoma mwanzoni yalikuwa kwa Kiswahili. Hata mwalimu aliyeachwa na mvumbuzi Stanley katika ikulu ya Kabaka Mutesa mwaka 1875, Dallington Maftaa, alikuwa kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar. Vijana wale hawakuahidiwa kiwanja.

Lakini mtu anayenigusa zaidi ni Simeoni Nsibambi, kwa sababu shida yake inafanana sana na za Kyebando ya leo. Alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya afya, na alitamani mno kupelekwa ng'ambo kusoma. Nafasi hiyo akanyimwa. Moyo ukamwingia uchungu, kisha mwaka 1922 akapata njozi iliyomfanya ajiulize: masomo ya ng'ambo na uzima wa milele, kipi kizito? Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe, daktari Mwingereza Joe Church alimkuta amesimama kando ya pikipiki yake. Wakakaa kusoma Biblia pamoja, na kutokana na urafiki ule ukawaka uamsho wa walokole, ulioenea Rwanda, Kenya, Tanganyika na kwingineko. Wimbo wa Tukutendereza ulisafiri nao, na hadi leo huimbwa na watu wasiojua neno jingine la Kiganda.

Kwa walokole wale, kutembea nuruni kulikuwa na maana kali. Mtu alisimama mbele ya wenzake akataja alichoiba, kisha akakirudisha. Aliyekwepa kodi alikwenda kulipa. Mume aliomba radhi kwa mkewe, na mzungu kwa mwafrika, jambo ambalo siku zile za ukoloni halikuwa dogo. Walikuwa na udhia wao pia: walipenda kuwamulika na wasiotaka kumulikwa, na mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao. Hata hivyo, afadhali udhia huo kuliko giza.

Na giza tumeliona. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu walioahidiwa wokovu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa kwa kupigiliwa misumari. Makanisa ya Kyebando si Kanungu, na wachungaji wengi ninaowaona huku wanaishi kwa taabu ileile ya waumini wao. Lakini anayehubiri nuru hana sababu ya kuwa na chumba kisichoingilika, na chumba chenyewe mara nyingi ni cha fedha.

Ndiyo maana nawaomba wachungaji wa Kyebando, na wa tarafa nzima ya Kawempe, waanze na jambo moja. Jumapili ya mwisho wa mwezi, kabla ya mahubiri, wasome mbele ya waumini fedha iliyoingia na ilikokwenda, pamoja na ile iliyopitia kwenye simu. Nawe unayetoa sadaka, usione haya kuuliza.