Mkate wa Kila Siku na Ahadi za Wagombea

Kila unapokaribia uchaguzi mkuu, mchungaji huulizwa swali ambalo hakufundishwa kulijibu chuoni. Sisi tuliulizwa na mama mmoja muuza mboga, nje ya mlango wa kanisa, baada ya ibada: "Baba Mchungaji, mmoja asema atashusha bei, mwingine asema atatuongezea kipato. Nitamjuaje asemaye kweli?" Tulimjibu kwa haraka kwamba Kanisa halina chama, tukamwombea, naye akaenda zake. Jibu letu halikuwa la uongo, ila halikumsaidia. Alikuwa hakutuuliza ampigie nani kura. Aliuliza namna ya kupima.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mwananchi wa kawaida awezavyo kuzipima ahadi za namna hiyo, na jinsi mtumishi wa Neno awezavyo kumsaidia bila kumpigia debe mtu ye yote. Mfano wetu tutautoa Kenya, katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, kwa kuwa huko gharama za maisha zilikuwa hoja kuu, na ahadi zilizoshindana zilikuwa bayana.

Mkate ni jambo la imani

Wapo wasemao kwamba bei ya unga si habari ya mimbarani. Martin Luther hakuwaza hivyo. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipofafanua ombi la nne la Sala ya Bwana, alieleza kwamba tunapoomba mkate twaomba pia serikali njema, kwa maana pasipo utawala wa haki na amani mkate haufiki mezani. Hata akasema ingefaa ngao ya mtawala mwema ichorwe mkate badala ya simba. Basi, anayeomba mkate kila siku na kisha kupiga kura bila kufikiri ameligawa ombi lake vipande viwili.

Ahadi mbili

Katikati ya mwaka 2022 pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi nchini Kenya iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 200. Ukame ulikuwa umeharibu mazao kwa misimu mfululizo, na vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea. Mwezi Julai, wiki chache kabla ya kura, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta, aliyekuwa akimuunga mkono Raila Odinga, ilitangaza ruzuku ya muda ili pakiti hiyo iuzwe shilingi 100. Wananchi wengi walilalamika kwamba hawakuuona unga huo madukani.

Hayati Odinga na muungano wake wa Azimio la Umoja waliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa kaya maskini zipatazo milioni 2. William Ruto na Kenya Kwanza walisema kwamba ruzuku yafaa iwekwe katika uzalishaji, kwa mbolea nafuu, wala si katika ulaji. Wakaahidi pia mfuko wa mikopo kwa wafanya biashara wadogo, wenye shilingi bilioni 50 kwa mwaka. Mmoja aliwatazama wenye njaa ya leo, na mwingine aliitazama mizizi ya njaa hiyo. Hakuna ahadi kati ya hizo iliyokuwa ya kipuuzi. Ndiyo maana zilihitaji kupimwa.

Maswali manne ya kupimia

Kwanza, nani atalipa? Bwana Yesu alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14). Tukizidisha shilingi 6,000 kwa miezi 12 na kwa kaya milioni 2, twapata shilingi bilioni 144 kila mwaka. Hesabu hii haihitaji shahada. Muuza mboga huifanya kila jioni anapohesabu mtaji wake. Fedha hizo hutoka katika kodi, au katika mkopo, au katika huduma nyingine iliyopunguzwa. Hata mkopo wa mfanya biashara mdogo si zawadi, kwani una riba na siku ya kurejeshwa.

Pili, lini? Katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa mahindi hupandwa mwezi Machi na Aprili, nayo huvunwa kuanzia Oktoba. Kwa hiyo mbolea nafuu iliyotangazwa Septemba 2022 haikuweza kushusha bei ya unga wa msimu ule. Ahadi yaweza kuwa ya kweli na bado isimfikie mwenye njaa kwa wakati.

Tatu, itamfikia nani? Ruzuku ya unga humpunguzia bei tajiri na maskini sawasawa, tena hupotea ikiwa duka halina unga. Fedha za kaya maskini zahitaji orodha ya haki. Mbolea humfaa mwenye shamba kabla ya kumfaa mpangaji wa mjini.

Nne, twatoa nini badala yake? Katika Mwanzo 47 watu wa Misri walipata chakula kwa Yusufu, lakini walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwisho nafsi zao. Waliokoka na njaa, wakawa watumwa wa Farao. Mkate wa mtawala una bei yake, hata unapoletwa na mtu mwema.

Yaliyofuata

Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 ya kura. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mfuko wa mikopo ulizinduliwa Novemba 2022. Lakini ruzuku ya petroli iliondolewa, na mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwezi Juni 2024 vijana walijaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha, watu wakauawa, na Rais akauondoa muswada huo. Mfumuko wa bei uliokuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022 ulishuka hadi 2.7 Oktoba 2024. Hata hivyo yafaa tuwaeleze washarika kwamba mfumuko ukishuka, bei hazirudi zilikokuwa; hupanda polepole tu.

Wajibu wetu

Mchungaji asimchagulie mtu, maana dhamiri ya msharika si mali yake. Wala asipokee mchango wa mgombea kisha akampa mimbari. Lakini kukaa kimya si kutokuwa na upande. Mara nyingi humwacha maskini mikononi mwa mwenye kipaza sauti kikubwa zaidi. Tuwafundishe watu kuuliza maswali haya manne, kuyaandika majibu, na kuyafungua tena baada ya miaka miwili, aliyeshinda akiwa ni mtu wao au si mtu wao.

Yule mama hakurudi kutuuliza tena. Angerudi leo, tungeketi naye kwenye benchi, tukachukua kalamu na karatasi, na kuanza kuhesabu pamoja naye.