Odysseus Mweusi wa Romare Bearden

Visasili, yaani masimulizi ya kale kuhusu miungu, mashujaa na asili ya mambo, vimewapa wachoraji wa Ulaya mada kwa karne nyingi, na kwa sababu hiyo wahusika wa Ugiriki ya kale wamezoeleka kwa sura za Wazungu, kana kwamba mshairi Homer ndiye aliyewachora hivyo. Romare Bearden, msanii Mmarekani mweusi aliyezaliwa Charlotte, North Carolina, mwaka 1911, aliyavunja mazoea hayo mwaka 1977 alipoonyesha jijini New York mfululizo wa picha zilizotokana na Odisea, utenzi wa Homer unaosimulia jinsi Odysseus alivyotangatanga baharini miaka 10 baada ya vita vya Troy kabla ya kufika kwao Ithaca.

Picha hizo ni kolaji, yaani picha zinazoundwa kwa kukata karatasi na kuzibandika pamoja, na baadhi yake Bearden alizirudia kwa rangi za maji. Wahusika wote, tangu Poseidon mungu wa bahari hadi mabaharia, ni weusi. Uamuzi huo haukuwa pambo, kwa kuwa kisa cha mtu anayezuiwa na bahari asirudi kwao kinawagusa kwa uchungu watu ambao mababu zao walivushwa Atlantiki kwa minyororo, na ambao wengi wao, ikiwemo familia ya Bearden mwenyewe, walihama tena kutoka Kusini mwa Marekani kwenda miji ya Kaskazini.

Picha yenye uzito kuliko zote ni ile ya kurejea kwa Odysseus, ambayo katika jina lake Bearden aliwaenzi pamoja mchoraji Mwitalia Pinturicchio na wasanii wa Benin. Pinturicchio, mnamo mwaka 1509, alimchora ukutani, juu ya lipu mbichi, Penelope, mke wa Odysseus, akiwa kwenye kitanda cha mfumi, pale anapofuma mchana na kufumua usiku ili kuwachelewesha wanaume wanaotaka kumwoa. Bearden aliuchukua mpangilio huo, pamoja na dirisha na jahazi linaloonekana nje, lakini watu akawapa sura zinazotokana na sanaa ya Benin, ufalme wa Afrika Magharibi ambao hazina zake za shaba ziliporwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897. Kuiweka sanaa hiyo bega kwa bega na ya Italia, bila kuiombea radhi yoyote, ni hoja nzito kuliko maandishi mengi yaliyowahi kuandikwa kuitetea.

Harmonia Rosales, mchoraji Mmarekani mwenye asili ya Kuba, amekwenda mbali zaidi: mwaka 2017 alichukua umbo la picha ya mchoraji Mwitalia Botticelli ya kuzaliwa kwa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akamwondoa Venus mwenyewe na mahali pake akamweka Oshun, mungu wa kike wa mito katika imani ya Wayoruba, ambaye ngozi yake nyeusi ina mabaka ya dhahabu. Bearden aliwaachia wahusika majina yao ya Kigiriki. Rosales ameibadili hata miungu.